Ua la Chini ya Godoro

Jua halijakolea vizuri hapa Mabawa, na Idarusi Mbaraka yuko uani kwake tayari, mguu mmoja kaukanyagia ubao wa kitanda, kamba imemzunguka kiganja mara mbili, anavuta. Anavuta mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kisha anatulia, anaipiga kamba kwa kidole cha shahada na kutega sikio.

"Bado," anasema. "Hii bado ina usingizi."

Anavuta tena. Safari hii kamba inaitika kwa sauti nyembamba, naye anatingisha kichwa, karidhika. Pembeni yake kuna mafungu ya kamba za mkonge aliyoyanyunyizia maji kidogo yawe laini mkononi. Nyuma yake, chini ya paa la jiko, mkewe Mwamvua anapika chai ya tangawizi na kusema peke yake kwa sauti inayotosha kusikiwa na watu wote.

"Vitanda vya watu vinaimba," anasema Mwamvua. "Chetu kinakoroma."

Idarusi anajifanya hakusikia. Ni mwambaji vitanda, na kazi hiyo ameifanya tangu ndevu hazijamwota. Alizaliwa Nguvumali, akafundishwa na mjomba wake, na leo hakuna mtaa wa mji huu wa Tanga ambao hajapita na fungu la kamba begani akinadi, "Kuwamba vitandaa! Kukaza vitandaa!" Kukaza kitanda kilicholegea anatoza shilingi moja na nusu. Kukiwamba upya ni shilingi nne, na mwenye kamba zake hupunguziwa.

Kwa kazi hiyo anakula, anavaa, na mwanawe Hatibu amesoma. Lakini ukimwuliza ni kazi gani inayomtoa kitandani asubuhi, hatakutajia hizo.

"Kukaza ni kukaza tu, bwana," anasema. "Hata punda anavuta. Mimi raha yangu ni kitanda cha biarusi. Hapo ndipo ninapotia ua."

Ua analolisema ni lile pambo linalotokea katikati ya kitanda pale kamba inapopita juu, ikazama chini, ikaruka mbili, ikarudi. Idarusi hatumii rangi. Kamba zake zote ni za rangi ile ile ya mkonge, na ua lake huonekana kwa kivuli tu, au kwa kiganja ukilipapasa. Kitanda cha kawaida hakina ua. Kitanda cha kuoshea maiti huwambwa wazi, mistari mitupu, maji yapite. Ua ni la harusi peke yake.

Sasa hapa msomaji atauliza, kama nilivyouliza mimi: ua hilo si litafunikwa? Siku hiyo hiyo litawekwa godoro, na juu ya godoro shuka, na juu ya shuka mito, na juu ya mito watu. Nani atalitazama tena?

Idarusi alicheka swali hili mpaka akakohoa.

"Hakuna," alisema. "Hakuna atakayelitazama. Linaonekana muda wa wimbo mmoja, basi. Lakini wimbo huo, bwana wee, ukiusikia, unaweza kukaa mwaka mzima hujanung'unika."

Maana wanawake wa mitaa hii wana mila yao. Kitanda cha biarusi kikishaingizwa chumbani, kabla ya godoro, wanawake wa nyumba hukizunguka wakalitazama ua na kulitia jina. Jina halitolewi na mwambaji. Yeye hukaa nje barazani, kimya, asiseme alikusudia nini. Mkewe naye haingii, asije akampendelea mumewe. Wanawake wakilipata jina wanaliimba, wanapiga vigelegele, ndipo godoro linatandikwa. Wakikosa, godoro linatandikwa kimya kimya, na ua lile limekufa. Mwambaji hawezi kuliwamba popote tena.

Hivyo ndivyo maua ya Idarusi yalivyopata majina. Kuna liitwalo Reli, lililotokana na siku aliyokaa stesheni akimsubiri mgeni asiyekuja. Kuna Mvua ya Bati. Kuna Kaa Karudi, ambalo yeye mwenyewe alidhani amewamba mawimbi, lakini wanawake wa Usagara wakaona kaa anayerudi shimoni, wakaimba kaa. Alikubali. Afanyeje?

"Sikuwa nimeona kaa hata kidogo," anasema. "Nilipowasikia wanaimba, nikajiambia, kumbe nilimwona."

Maua hayo yote ameyapata katika kupita kwake, kwenye vitu ambavyo watu wengine wanavipita bila kugeuka. Anasimama kutazama jinsi muuza kahawa anavyopanga vikombe, jinsi ukuta wa udongo unavyopasuka kiangazi. Mwamvua anasema kutumwa sokoni kwake ni balaa, anaweza kurudi na ua akasahau samaki.

Basi miaka ikaenda hivyo, mpaka vikaja vitanda vya springi.

Vilianza kwa mmoja mmoja, kwenye nyumba za wenye uwezo. Vya chuma, vimepakwa rangi nyeupe, vina vifundo vya kung'aa kwenye miguu. Mara kila biarusi akawa anakitaka. Msichana aliyeolewa kwa kitanda cha kamba alichekwa na wenzake. Idarusi akaanza kuhesabu harusi ambazo hakuitwa, halafu akaacha kuhesabu kwa sababu ilikuwa inamtia huzuni. Mwaka ukapita, ukaingia wa pili, hajatia ua hata moja.

Kazi ya kukaza ilikuwepo. Hawakulala njaa. Lakini mtu alikuwa anakauka.

"Alikuwa anakaa pale mlangoni," Mwamvua anasimulia, na hapa hatanii, "mikono kaiweka juu ya magoti kama si yake. Namletea chai inapoa. Namwambia, Baba Hatibu, una homa? Ananiambia sina homa. Niliogopa, wallahi. Ningejua ni homa ningempa dawa."

Ndugu wa Idarusi, Mselem, aliyekuwa akifanya kazi katika shamba moja la mkonge nje ya mji, alimwita akafanye naye kazi huko. Mshahara wa kila mwezi, posho ya unga. Idarusi alifikiri kwa muda mrefu. Kazi ya mkonge haikuwa ikimwogopesha, kwani mikono yake inaujua mkonge. Kilichomwogopesha ni kuwa huko angevuta kamba mpaka kufa, na hata siku moja asingeulizwa afanye jambo zuri.

Alimjibu ndugu yake kuwa atakwenda mwezi wa Shaabani.

Rajabu ikaingia, na kabla haijafika nusu, akaitwa Usagara nyumbani kwa Bwana Himyar, mfanyabiashara mwenye asili ya Omani. Binti yake Shamsiya alikuwa anaolewa. Bwana Himyar alikwisha mnunulia kitanda cha springi, kikubwa, na Shamsiya alikwisha wapitisha rafiki zake wote kukiona. Kilichobaki ni ruhusa ya nyanya yake, Bi Ghanima, ambaye katika nyumba ile hapingwi.

Bi Ghanima ana mtoto wa jicho. Anaona mwanga na vivuli tu. Alishikwa mkono akapelekwa kwenye kitanda cha springi, akakaa ukingoni. Kitanda kikalia. Akasogea kidogo, kikalia zaidi. Akajaribu kuinuka, kikapiga ukelele nyumba nzima ikasikia.

"Ebo!" alisema Bi Ghanima. "Mjukuu wangu atalala kwenye kitanda kinachopayuka? Kesho asubuhi Usagara yote si watakuwa wanajua alijigeuza mara ngapi?"

Shamsiya alilia. Baba yake alikuna kichwa. Mwishowe mwanamke mzee akatoa hukumu: Idarusi wa Mabawa aitwe, awambe kitanda cha kamba na atie ua jipya, lisilopata kuonekana katika nyumba yoyote. Wanawake wakilipata jina, kitanda cha kamba kitakaa. Wakilikosa, cha springi kiingie, na yeye Bi Ghanima hatasema neno.

"Shikamoo Bibi," Idarusi alimsalimu siku hiyo, kasimama mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Usiniletee Kaa. Kaa tunaye kwa mwanangu mdogo. Usiniletee Reli. Niletee kitu ambacho hujapata kukileta."

Alirudi nyumbani na mbao za kitanda zimebebwa na mchukuzi, moyo unamdunda. Ilikuwa furaha, na ilikuwa hofu. Harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Alijua fika, na Mwamvua alijua, kwamba wanawake wakitoka mle chumbani kimya, hakuna nyumba nyingine itakayomwita kwa kitanda cha biarusi.

Akaanza kutafuta makubwa. Alikwenda bandarini akatazama meli. Alikwenda msikitini, baada ya sala akakaa akiangalia mapambo juu ya mihrabu mpaka mwadhini akamwuliza kama ana shida. Alijaribu kuwamba nyota, akafumua. Akajaribu kuwamba taa ya bandarini, ikatokea kama chungu kilichopasuka, akafumua. Siku zinakwenda, kitanda ni kitupu, mkewe anapita pembeni kwa kunyata kama kwenye nyumba ya mgonjwa.

Jumatano asubuhi alianza tena, safari hii akiwa amekata shauri la kuwamba mnazi. Mnazi tu, Mungu amsamehe. Alikuwa amekwisha vuta kamba za urefu, anapitisha za upana, juu moja, chini moja. Upande wa pili wa ua wa makuti, Mwamvua na jirani yao Semeni walikuwa wanatwanga mpunga. Walikuwa wanatwanga kwa kupokezana, kinu kimoja michi miwili.

Mwamvua ana pigo zito. Semeni ana pigo jepesi, na ana tabia yake: akishauinua mchi anauachia hewani, anapiga kofi, ndipo anaudaka. Amefanya hivyo tangu utotoni na hawezi kuacha. Kwa hiyo sauti iliyokuwa inakuja uani ilikuwa tu, ti, pa. Tu, ti, pa.

Idarusi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaufikiria mnazi wake. Alipokuja kushtuka, mkono ulikuwa umekwisha fika nusu ya kitanda, na mnazi haupo. Badala ya juu moja chini moja, alikuwa amepitisha kamba mbili kwa pamoja, kisha moja, kisha ameruka akaacha nafasi. Nene, nyembamba, tupu. Nene, nyembamba, tupu. Mstari baada ya mstari.

"Nilishika kichwa," anasema. "Kazi ya asubuhi nzima imeharibika. Kuruka kamba ni kosa la mtoto wa siku ya kwanza. Mjomba angekuwa hai angenichapa na kamba hiyo hiyo."

Akainama kufumua. Alishika mwisho wa kamba, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza aliitazama. Jua lilikuwa limeingia kwa ubavu, zile nafasi tupu zimekaa giza, zile nene zimeinuka, na kitanda kizima kilikuwa kama kinapumua. Nje ya ua Semeni akapiga kofi. Idarusi akaiachia kamba, akakaa chini.

"Nililia," anasema bila haya yoyote. "Mtu mzima, ndevu hizi. Nilifurahi nikalia. Nilikuwa nimekwenda mpaka bandarini, na jambo lenyewe lilikuwa linatwangwa nyuma ya makuti yangu."

Hakumwambia mtu. Alimaliza kwa kufuata michi, nao walipopumzika alipumzika, walipoanza alianza. Mwamvua alipokuja kumwuliza mbona anacheka peke yake, alimwambia ni kwikwi.

Ijumaa hiyo kitanda kilifika Usagara. Kiliingizwa chumbani, mlango ukafungwa, Idarusi akakaa barazani na mchukuzi wake. Cha springi kilikuwa kimesimamishwa ukutani hapo hapo ukumbini, vifundo vinang'aa, kinangoja. Ndani kulisikika viatu, bangili, minong'ono. Kisha kimya.

Idarusi anajua kimya cha kutazama. Hiki kilizidi hicho. Mwanamke mmoja alisema, "Ngazi?" Mwingine akasema, "Ngazi gani isiyo na mwisho?" Sauti ya Shamsiya ikasema kwa uchovu, "Mbona kama amekosea?" Kikarudi kimya tena, kirefu kuliko cha kwanza.

"Hapo nilikata tamaa," anasema Idarusi. "Mtoto wa watu alikuwa amesema kweli. Nilikosea. Nikaanza kufikiri habari za shamba la mkonge, nitalala wapi, Mwamvua nitamwacha na nani. Nikamwambia mchukuzi, twende zetu."

Alikuwa amekwisha simama, amekwisha shika kofia yake, aliposikia kofi. Moja tu. Halafu jingine.

Alikuwa Bi Ghanima. Yeye asiyeona ua alikuwa ameinama kitandani anapitisha kiganja pole pole kutoka ubavu hadi ubavu. Kiganja kilipopanda pale panene aliguna, "Tu." Kilipopanda pembamba, "Ti." Kilipotumbukia kwenye nafasi aliuinua mkono akapiga kofi. Akafanya hivyo tena, haraka zaidi. Tena. Mara wanawake watu wazima waliokuwa nyuma yake wakaanza kukanyaga sakafu, na makofi yakawa mengi, na mtu akacheka kwa sauti kubwa, "Mchi! Jamani, ni michi! Wanatwanga!"

Chumba kikalipuka. Ilikuwa vigelegele juu ya vigelegele, na katikati yake Bi Ghanima akaanzisha, na wenzake wakadaka:

*Twanga nikupokee, mwenzangu usichoke,*
*kinu chetu kimoja, mpunga usimwagike.*

Hivyo ndivyo ua lile lilivyopata jina lake, Twanga Nikupokee. Inasemekana Shamsiya mwenyewe ndiye aliyeuzuia mkono wa aliyekuwa analeta godoro, akasema ngoja, ngoja kwanza, nilione tena. Kitanda cha springi kilipelekwa chumba cha Bwana Himyar. Majirani wanasema yeye hugeuka usiku kwa uangalifu mkubwa.

Kabla Idarusi hajaondoka, Bi Ghanima alimwita mlangoni.

"Idarusi, nani alikuwa anakutwangia?"

"Nyumbani, Bibi."

"Ala! Basi mfikishie salamu zangu, huyo wa nyumbani. Mwambie nimemsikia."

Shaabani ilipita na Idarusi hakwenda shamba. Tangu siku ile ametia ua kwenye vitanda vya biarusi saba, Usagara, Nguvumali na mpaka Pangani, ambako alisafirishwa kwa basi yeye na kamba zake. Wote wanaliulizia hilo hilo, naye anawapa kisha anawashawishi wachukue na jipya. Anasimama tena njiani kutazama nyufa za kuta. Anasahau samaki tena. Mwamvua anasema hajapata kufurahi kwa kukosa kitoweo kama anavyofurahi mwaka huu wa 1957.

Asubuhi hii kazi iliyo mbele yake ni ya nane. Nilipomwuliza ana matumaini gani, alisema anataka kumfundisha Hatibu, akikubali, na akikataa basi mtoto wa mtu mwingine. Kisha akatupa jicho jikoni, akapunguza sauti.

"Na kitanda changu," alisema. "Nataka nikiwambe. Miaka yote nimelala kwenye kamba za masazo. Nataka nikitie Twanga Nikupokee, na mchana nisitandike godoro. Tulione."

Kupunguza sauti hakukumsaidia. Mwamvua alikuwa amekwisha tokea na vikombe.

"Leo umekumbuka? Na mbona ua hilo la watu? Mimi nitie la kwangu."

Idarusi aliiweka kamba chini. Alijipangusa mikono kwenye msuli muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni la kwako, Mama Hatibu," alisema. "Ni mchi wako na wa Semeni. Nilikosea nikiwasikiliza. Bi Ghanima wa Usagara anakusalimu. Kasema nikwambie amekusikia."

Mwamvua alisimama na vikombe mkononi.

"Salamu za lini hizo?"

"Za Rajabu."

"Na sasa ni Mfungo Sita!" Chai ikamwagika. "Idarusi! Salamu za watu umezikalia miezi minane?"

"Niliona haya. Nilijua nikikufikishia utaniuliza za nini, na nikikwambia za nini, utaniuliza la kwetu liko wapi. Na kazi ilikuwa imenijia kama mvua."

Mwamvua aliweka vikombe juu ya kinu kilichokuwa kimegeuzwa pale ukutani, akainuka, akainama, akainuka tena. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na mdomo unacheka kwa kujizuia.

"Miezi minane," alisema, akinigeukia mimi kama hakimu. "Miezi minane nalala nimetumbukia kama mtoto kwenye mbeleko, mgongo unaniuma, na kumbe ua langu liko Usagara, chini ya godoro la Shamsiya!"

Akaingia ndani. Tulisikia vitu vinasukumwa, kisha mlango ukagongwa na kitu kizito, na matendegu mawili yakatokeza nje. Mwamvua alikuwa anakivuta kitanda chao peke yake, kamba zinaning'inia hadi chini.

"Cha biarusi kitangoja," alisema huku akihema. "Semeni! Mwenzangu, njoo na mchi wako!"

Idarusi aliinuka, akaenda kushika upande wa pili.